Kuanza kutumia Linux kwenye kompyuta ya steshenari

Swali: Nina steshenari ndogo mjini Iringa. Natumia kompyuta mpakato ya Dell Latitude niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, na ndani yake kuna Windows 10. Fundi ameniambia Windows 10 haipati tena masasisho, kompyuta yangu haiwezi kubeba Windows 11, na suluhisho ni kuweka Linux. Nilipojaribu kusoma habari zake nilikuta majina mengi na amri nyingi za kuandika. Mimi si mtaalamu. Kazi yangu ni kuchapa barua, kuskani, kuchapisha na kuwasaidia watu kujaza maombi mtandaoni. Je, nianzie wapi, na kazi za wateja wangu zitaendelea?

Jibu: Ndugu msomaji, fundi wako yuko sahihi kuhusu Windows. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa upande wa Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwa sababu hiyo Latitude, EliteBook na ThinkPad nyingi zinazouzwa kwetu zikiwa zimeshatumika zimeachwa nje hali ya kuwa bado ni nzima kabisa. Ushauri wake wa kuhamia Linux nao ni mzuri. Asichokueleza ni namna ya kuhama bila kufunga duka, na hilo ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Nianze na jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine. Watu wengi wanaoanza Linux huichukua kama somo la kukariri: hutafuta orodha ya amri mia moja, huzisoma kwa siku mbili, kisha huchoka kwa sababu hawaoni zinawasaidia nini. Wewe una bahati ya kuwa na kazi halisi inayokusubiri kila asubuhi. Hamishia Linux kazi moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo nyepesi, na wakati huohuo jitahidi kuelewa mambo matatu ambayo Linux huyafanya tofauti na Windows: programu hutoka wapi, mafaili hukaa wapi, na nani ana ruhusa ya kubadilisha nini. Mtu aliyeyaelewa hayo hujifunza amri anapozihitaji, na asiyeyaelewa hata akikariri amri zote ataendelea kukwama.

Kuhusu majina mengi uliyoyakuta, chanzo chake ni hiki. Linux yenyewe ni kerneli tu, yaani ile sehemu ya ndani inayosimamia prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vingine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na kama simu yako ni ya Android basi umekuwa ukiitumia kerneli hiyo kwa miaka bila kujua. Ili kerneli iwe mfumo kamili wa kufanyia kazi, huunganishwa na programu nyingine nyingi, zikiwemo zile za mradi wa GNU alioutangaza Richard Stallman mwaka 1983. Leseni za programu hizi zinamruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuzibadilisha na kuzigawa, kwa hiyo makundi mbalimbali huzikusanya kwa namna zao na kila mkusanyiko hupewa jina. Mkusanyiko huo ndio watu wanaouita distro. Debian ilianzishwa mwaka 1993. Juu ya Debian ikajengwa Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Na juu ya Ubuntu ikajengwa Linux Mint mwaka 2006. Ukielewa kwamba hizo tatu ni ukoo mmoja, maelezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya moja utaweza kuyatumia kwenye nyingine.

Kwa kompyuta yako nakushauri uchukue Linux Mint, na ndani ya Mint uchague ile yenye sura iitwayo Xfce. Mint ina menyu chini kushoto na mstari wa programu zilizofunguliwa, mpangilio usiompoteza mtu aliyezoea Windows. Xfce ni nyepesi kuliko sura nyingine za Mint, na matoleo ya mfululizo wa 22 yanapata masasisho hadi mwaka 2029. Wapo watakaokuambia uchague nyingine, na pengine watakuwa na sababu nzuri, lakini mjadala wa distro ipi ni bora ni kama ule wa Simba na Yanga: hauishi, na anayeanza hapati faida kwa kukaa kuusikiliza. Chagua moja, kaa nayo angalau miezi sita. Anayebadilisha distro kila wiki hujifunza kusakinisha tu.

Kabla ya kuendelea, niseme neno kuhusu kompyuta yenyewe, kwa sababu Linux haifanyi miujiza. GB 4 zinatosha kuendesha Mint Xfce na programu ya kuandikia barua bila shida. Kinachokula RAM ni kivinjari, na ukifungua kurasa kumi za maombi ya ajira kwa wakati mmoja utauona uzito uleule uliouona kwenye Windows. Ukipata fedha kidogo, badilisha kwanza diski ya zamani inayozunguka uweke SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, hata ya GB 240, kisha uongeze RAM ifike GB 8. Kwa kompyuta ya umri huo, SSD italeta mabadiliko makubwa kuliko mfumo wowote utakaouweka.

Sasa hatua ya kwanza, ambayo haihitaji ujasiri wowote. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilicho ndani ya diski yako. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokihitaji, kwa kuwa itafutwa yote. Pakua faili la Mint Xfce kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint. Lina ukubwa unaokaribia GB 3, kwa hiyo panga bando lako vizuri, au mwombe mtu mwenye intaneti ya ofisini akupakulie, jambo ambalo leseni inaliruhusu kabisa. Likishafika, hakikisha halikuharibika njiani: kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile` likifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, kisha linganisha mfululizo wa herufi utakaoonekana na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Mint. Watu wengi huiruka hatua hii, halafu humaliza siku nzima wakitafuta kosa ambalo lilikuwa ni upakuaji uliokatika. Baada ya hapo tumia programu ndogo ya bure iitwayo Rufus kuliandika faili hilo kwenye flashi. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 mara kadhaa, kwani hicho ndicho kitufe cha Dell cha kuchagua mahali pa kuwakia, kisha chagua flashi. Baada ya muda mfupi utaiona Mint ikiwa kamili mbele yako.

Usikimbilie kubofya ikoni ya kusakinisha. Itumie kama mnunuzi anayekagua: unganisha Wi-Fi, fungua video usikie sauti, jaribu kamera, funika kompyuta uone kama italala na kuamka, na juu ya yote unganisha printa na skana yako, kwa sababu kwa mtu wa steshenari hapo ndipo pa kufaulu au kukwama. Itakuwa nzito kidogo kuliko itakavyokuwa ikishasakinishwa, kwa kuwa kila kitu kinasomwa kutoka kwenye flashi.

Printa zinahitaji maelezo zaidi. Zile za HP kwa kawaida hutambulika mara tu unapochomeka waya, kwa sababu draiva zake za Linux, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, zimo tayari ndani ya Mint. Printa mpya za mtandao, za kampuni karibu yoyote, mara nyingi hazihitaji draiva kabisa. Aina nyingi za Epson za wino hufanya kazi kwa kifurushi kiitwacho `printer-driver-escpr`. Zinazosumbua ni baadhi ya Canon ndogo za leza za mfululizo wa LBP, kama LBP2900 ambayo bado iko kwenye ofisi nyingi, kwa sababu zinatumia lugha yao wenyewe, na draiva yake ya Linux ni ya zamani na hukorofisha. Kama printa yako ni ya aina hiyo, ni afadhali ulijue hilo ukiwa bado kwenye flashi, wakati Windows yako ipo palepale. Na kama Wi-Fi haikuonekana, jambo linalotokea hasa kwa vifaa vya Broadcom, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, ruhusu simu igawe intaneti kwa njia ya waya huo, kisha fungua programu ya Mint inayosimamia draiva, itakuonyesha inayokosekana.

Kuhusu nyaraka za wateja, Mint inakuja na LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word, Excel na PowerPoint. Malalamiko utakayoyasikia kwamba "barua imevurugika" mara nyingi hayatokani na LibreOffice bali na fonti. Mteja ameandika kwa Calibri, kompyuta yako haina Calibri, programu inaweka fonti nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, mistari inasogea, na ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo. Dawa yake ni fonti zilizotengenezwa makusudi zikiwa na vipimo vilevile: Carlito hukaa mahali pa Calibri na Caladea mahali pa Cambria, nazo Liberation Serif na Liberation Sans hushika nafasi za Times New Roman na Arial. Hakikisha zote zimo. Halafu, katika mipangilio ya LibreOffice, sehemu ya kupakia na kuhifadhi, weka kwamba nyaraka zihifadhiwe kwa muundo wa Word, ili usije ukampa mteja faili la odt, muundo wa kawaida wa LibreOffice, ambalo mwenye kompyuta nyingine atashindwa kulifungua. Na kila kitu kilichokamilika, mpe mteja pia nakala ya PDF.

Yapo mambo ambayo hayatahama, na ni vema uyajue mapema. Kama unatengeneza kadi za michango ya harusi kwa Publisher, LibreOffice inaweza kuyafungua mafaili hayo lakini mpangilio mara nyingi huharibika. Kadi mpya utazitengeneza kwa Inkscape au LibreOffice Draw, ila zile za zamani zitabaki Windows. Photoshop haina toleo la Linux. GIMP inatosha kwa picha za pasipoti na kusafisha picha za zamani, ingawa vitufe vyake viko mahali pengine na utahitaji wiki kadhaa mikono ikubali. Mafaili ya Excel yenye makro nzito, yaani programu ndogo zilizoandikwa ndani ya faili, nayo usiyategemee. Kwa upande mwingine, maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira, kuangalia matokeo na kulipia huduma, yote hayo hufanyika ndani ya kivinjari, na Firefox ya Linux huyafungua kama ile ya Windows.

Kwa sababu hiyo sikushauri uifute Windows siku ya kwanza. Diski ya GB 500 inatosha mifumo miwili, na kila unapowasha kompyuta utachagua unaotaka. Kwanza nakili mafaili yote ya wateja kwenye diski ya nje, bila kuruka hata folda moja. Pili, ukiwa ndani ya Windows, zima kile kipengele cha kuwasha haraka kinachoifanya Windows isizimike kabisa, kwa kuwa kikibaki, Linux itakataa kuandika kwenye sehemu ya diski ya Windows au haitaifungua kabisa. Tatu, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kile kipengele cha Windows cha kuifunga diski kwa ufunguo wa siri; kama imefungwa, hifadhi ule ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu. Nne, tumia zana ya Windows ya kusimamia diski kupunguza sehemu yake na kuacha kama GB 100 tupu. Ndipo uwashe kwa flashi na kuchagua kusakinisha Mint kando ya Windows. Kazi hii ifanye Jumapili, si Jumatatu asubuhi wanafunzi wakiwa kwenye foleni.

Baada ya hapo utakutana na jambo dogo linalowachanganya watu wengi huku kwetu: ukirudi Windows utakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Hakuna kilichoharibika. Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwenye wakati wa kimataifa, UTC, na Windows huisoma saa hiyohiyo ikidhani ni ya mahali ulipo, nasi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC. Amri moja ndani ya Linux, `sudo timedatectl set-local-rtc 1`, huipatanisha mifumo hiyo miwili. Utakapoifuta Windows, irudishe kwa kuweka sifuri mahali pa moja.

Windows utakayoibakiza itumie kwa zile kadi na mafaili machache tu, bila kuiunganisha na intaneti, kwa kuwa haipati tena masasisho. Kazi za mtandaoni zote zifanyie Linux.

Ukiacha ile amri moja ya saa, wiki mbili za kwanza usifungue dirisha la amri kabisa. Chapa barua, skani, chapisha, jaza maombi. Jambo la kwanza litakalokushangaza ni namna ya kupata programu. Kwenye Windows ulizoea kutafuta mtandaoni, kupakua faili, kulibofya na kufuata maelekezo, na pengine kuomba nakala kwa fundi anayezibeba kwenye flashi. Linux ina ghala rasmi la programu, lenye maelfu ya vifurushi vilivyokaguliwa na kutiwa saini na wenye distro, nawe huchukua humo. Programu ya Mint ya kusimamia ghala hilo ina picha na maelezo, unatafuta jina, unabofya, unaweka nywila, basi. Faida yake hutaiona siku ya kwanza bali baadaye, pale msimamizi wa masasisho anaposasisha kwa mkupuo mmoja mfumo, LibreOffice, Firefox na karibu kila kitu kingine ulichokichukua ghalani. Tabia ya kuokota programu popote ndiyo inayoharibu Linux za wanaoanza. Ukiona maelezo yanakutaka uongeze ghala la mtu usiyemjua ili kupata toleo jipya zaidi la kitu ambacho tayari unacho, achana nayo.

Jambo la pili ni mahali mafaili yanapokaa. Huku hakuna C wala D. Kila kitu kiko ndani ya mti mmoja unaoanzia kwenye alama ya mkwaju, `/`, na flashi ya mteja ukiichomeka huonekana kama tawi ndani ya `/media`. Mafaili yako yote yako ndani ya `/home`, kwenye folda yenye jina lako. Huko ndiko kwako, na kwa kazi za kila siku hutahitaji kutoka nje yake. Kumbuka pia kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina, kiasi kwamba `Barua.docx` na `barua.docx` ni mafaili mawili, na msaidizi wako asiyelijua hilo atajaza folda kwa nakala.

La tatu ni ruhusa. Ukiwa umeingia kwa jina lako unaweza kufanya lolote kwenye mafaili yako, lakini huwezi kugusa mfumo mpaka uombe mamlaka ya msimamizi kwa kuweka nywila. Msaidizi wako mfungulie akaunti yake, isiyo na mamlaka hayo, na hata akikosea vipi atavuruga ya kwake tu. Hapohapo kuna faida ambayo mtu wa steshenari ataipenda: virusi vya flashi vinavyogeuza folda za wateja kuwa njia za mkato vimeandikwa kwa ajili ya Windows na haviwezi kujiendesha kwenye Linux. Tena, yale mafaili ambayo virusi huyaficha na mteja akadhani yamepotea, kwenye Linux kwa kawaida huonekana wazi, na unaweza kumwokolea mwanafunzi tasnifu yake kwa kuyanakili tu. Angalia lakini usimrudishie na vile virusi. Futa kila kilicho na kiambishi `.exe`, `.vbs` au `.lnk` ambacho mwenyewe hakitambui.

Sasa amri. Si lazima uwe mwandishi wa programu, na wapo wanaotumia Linux miaka mingi bila kuandika hata moja, lakini kwa kazi yako zitakulipa. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, dirisha la amri, ambalo kwenye Linux huitwa terminali, litafunguka. Anza kwa kutembea ndani ya mti: `pwd` hukuambia uko wapi, `ls` hukuonyesha kilichopo, `cd` ikifuatwa na jina la folda hukuingiza humo. Kitufe cha Tab hukumalizia majina marefu, na mshale wa juu hukurudishia amri uliyoiandika kabla. Ukivizoea hivyo viwili utaandika nusu ya unayoyaandika sasa. Kunakili na kubandika ndani ya dirisha hilo huongezewa kitufe cha Shift. Halafu sakinisha kitu kimoja chenye faida, kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ndani ya LibreOffice: `sudo apt update` kusoma orodha mpya ya ghala, kisha `sudo apt install hunspell-sw`. Neno `sudo` ndilo linaloomba yale mamlaka ya msimamizi, na `apt` ndiyo msimamizi wa ghala.

Kisha zipe amri kazi za dukani. Mteja ameleta barua ishirini za Word anataka zote ziwe PDF: ingia kwenye folda yake, andika `libreoffice --headless --convert-to pdf *.docx`, nenda kahudumie mwingine. Mwombaji wa ajira ana cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo, na tovuti inataka faili moja: `pdfunite kuzaliwa.pdf nne.pdf chuo.pdf vyote.pdf`. Faili limekuwa kubwa na tovuti inalikataa: `ps2pdf -dPDFSETTINGS=/ebook vyote.pdf vidogo.pdf`, kisha lifungue uhakikishe mihuri bado inasomeka. Hizo tatu ziandike kwenye daftari lililo mezani. Utakapoanza kujiuliza ile nyota kabla ya `.docx` inamaanisha nini, na kama inaweza kutumika kwingine, utakuwa umeshaanza kujifunza terminali kweli, na hapo `man` ikifuatwa na jina la amri itakufungulia maelezo yake yote. Maelezo hayo ni ya Kiingereza kikavu, lakini mifano iliyo mwishoni mara nyingi hutosha.

Kuhusu lugha, juhudi za Kiswahili zipo; Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ya leo imetokana na OpenOffice hiyohiyo. Hata hivyo nakushauri uache menyu zako kwa Kiingereza kwa sasa, kwa sababu ukikwama utatafuta ujumbe wa kosa mtandaoni, na walioujibu wameunukuu kwa Kiingereza.

Tahadhari chache. Amri ya `rm` hufuta moja kwa moja, haipeleki kitu kwenye kapu la taka. Usibandike kwenye terminali amri inayoanza na `sudo` ambayo huwezi kueleza kila neno lake, hata kama aliyeiandika anaonekana mjuzi; wapo wanaoona ni mzaha kumwelekeza mgeni afute diski yake. Washa pia Timeshift, ambayo imo ndani ya Mint, ihifadhi hali ya mfumo kila siku ili sasisho likiharibu kitu uweze kurudi jana. Timeshift hailindi mafaili ya wateja, inalinda mfumo tu. Hayo yaendelee kunakiliwa kwenye diski ya nje kila jioni.

Na utakwama, kama sote. Kompyuta ikitoa ujumbe wa kosa, usiufunge. Usome mpaka mwisho, kwa kuwa mara nyingi mstari wa mwisho ndio wenye sababu, kisha unakili kama ulivyo na kuutafuta mtandaoni pamoja na jina la Mint na namba ya toleo lako. Ukihitaji kumwuliza mtu, usiandike kwamba "Linux imegoma". Andika ulikuwa unafanya nini, ulitarajia nini, kilichotokea ni nini, ujumbe wa kosa neno kwa neno, na aina ya kompyuta yako, ambayo amri ya `inxi -Fxz` itakutolea kwa ukurasa mmoja huku ikificha taarifa zako binafsi kama anwani za mtandao. Ukiniandikia tena kuhusu printa yako, ambatanisha ukurasa huo.